Anza na Kilichoota Chenyewe: Kuvu za Mizizi na Ardhi ya Machimbo

Hotuba hii ilitolewa Geita mbele ya wenye vitalu vya miche, maofisa misitu na wachimbaji wadogo. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Waheshimiwa viongozi mliotangulia kusema, ndugu zangu wachimbaji, mama zangu wa vitalu, na vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango: salaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuirudishia uhai ardhi iliyochimbwa. Mada hiyo ni kubwa, kwa hiyo nitaikata. Nitasema juu ya kitu kimoja tu, kuvu zinazoishi kwenye mizizi. Na katika hicho kimoja nina neno moja la kuwaambia, nalo nitalirudia mpaka mchoke.

Tuanze na swali. Kila mmoja wenu anakijua kifusi fulani cha duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililoachwa zamani, kinachonyeshewa kila masika na hakioti kitu. Kipo, hakipo? (Ukumbi: Kipo!) Haya. Kwenye ukingo wa kifusi hicho hicho, hakuna kichaka kimoja kilichojiotea? Hakuna fungu la nyasi? Hakuna mgunga mfupi ambao hakuna mtu aliyeupanda? Upo. Ninyi mmezoea kuuliza kwa nini katikati hapaoti. Mimi nataka leo tuulize kwa nini pale ukingoni pameota. Mgunga ule uliwezaje? Nani aliusaidia?

Lakini kwanza tuyaelewe madhara yenyewe, maana tunayachukulia kirahisi.

Mnapofungua duara, kitu cha kwanza kutoka ni udongo wa juu, ule mweusi, sentimita 15 au 20 hivi. Kwa kuwa unatupwa wa kwanza, unakuwa chini. Juu yake mnamwaga mawe taka kutoka meta 10, meta 30, meta 60. Kilichokuwa juu kimezikwa, na kilichokuwa kimezikwa sasa kiko juu. Miamba ya dhahabu ya kanda yetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na muda wote huo haikuwahi kuonana na mvua. Mingi ina pairaiti, yale mawe yanayong'aa njano ambayo humtoa mgeni mbio akidhani ametajirika. Pairaiti ikikutana na hewa na maji hutengeneza asidi ya salfa. Asidi huziyeyusha metali zilizokuwa zimetulia ndani ya mwamba: shaba, risasi, kadmi. Aseniki nayo mara nyingi huandamana na dhahabu. Zebaki tunaiongeza wenyewe, pale mwaloni tunapooshea dhahabu, kwa mikono yetu.

Halafu kuna marudio. Mwamba umepita kwenye karasha, umesagwa, umeoshwa, na mwisho umelowekwa kwenye sianidi. Kinachobaki hakina mboji, hakina naitrojeni, na fosforasi iliyomo imeshikwa, haitoki. Kikilowa kinagandamana na hewa haipiti. Kikikauka upepo unakibeba mpaka jikoni kwako. Saa saba mchana weka kiganja juu yake, utakiondoa mwenyewe.

Kwa hiyo mche unaopandwa pale haukutani na sumu peke yake. Unakutana na njaa, kiu, joto na sumu, kwa pamoja, siku ya kwanza. Wengi wetu tunahesabu sumu tu. Tunamwaga chokaa, tunapanda mlusina, tunapiga picha na mgeni rasmi, tunaondoka. Picha hizo nimeziona nyingi. Miche ya kwenye picha bado sijaiona.

Sasa nije kwenu, mama zangu wa vitalu. Mnapojaza viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, mnachanganya nini? (Sauti: Udongo wa msitu, samadi, mchanga.) Kwa nini udongo wa msitu? Samadi si ina rutuba ya kutosha? (Sauti: Bila udongo wa msitu miche inadumaa.) Mmemsikia mama? Inadumaa. Hajasoma chuo chochote cha misitu, na amesema jambo ambalo maprofesa wa Ulaya walilibishania miaka mingi.

Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, alikuwa kwenye kazi ya serikali ya Prusia ya kutafuta namna ya kulima uyoga fulani ghali unaoota chini ya ardhi, mizizini mwa miti. Kuulima hakufanikiwa. Lakini alipochunguza ncha za mizizi aliona zimevikwa kuvu, na miti ile haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa na afya. Akasema hawa wawili wanalishana. Wenzake wakamkatalia: kuvu ni ugonjwa, kuvu ni uozo, kuvu haiwezi kulisha mti. Leo tunajua alikuwa sahihi, na kwamba zaidi ya asilimia 70 ya aina za mimea ya nchi kavu inaishi hivyo. Mmea unatengeneza sukari kwa jua na kuishusha mizizini. Kuvu inaichukua sukari hiyo, nayo inatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya kwenye matundu ya udongo ambamo mzizi haupiti, na kurudi na maji, fosforasi, zinki na vinginevyo.

Kuna jamii mbili kubwa mnazopaswa kuzijua. Ya kwanza inaingia ndani ya mzizi na kwa macho huioni. Hiyo ndiyo ya mahindi, mtama, mihogo, maharage, miembe, migunga. (Mchicha na kabichi hazina, na msiniulize kwa nini, tutachelewa chakula.) Jamii ya pili inauvika mzizi kwa nje, na mvua za kwanza zikinyesha inachomoza uyoga juu ya ardhi. Hiyo ndiyo ya miombo, mitundu na misonobari. Uyoga mwingi mnaookota miomboni ni tunda la kuvu hizo. Ule wa vichuguuni ni mali ya mchwa, huo tuuache.

Mnaona hatari iliyopo hapo? Ukikata miombo yote kwa ajili ya mkaa na matimba, yale magogo ya kuzuia duara lisiporomoke, hukukata miti tu. Umemnyima chakula yule aliye chini. Na siku ukirudi na miche yako, aliyetakiwa kuipokea amekwisha kufa.

Wenzetu wa Puerto Rico walilipata hilo kwa gharama. Tangu miaka ya 1930 walipanda misonobari, na miche ikafika kimo cha kiganja, ikageuka njano, ikafa. Wakabadilisha mbegu, wakaongeza mbolea, vilevile. Mwaka 1955 wakaleta udongo kidogo kutoka chini ya misonobari ya North Carolina, Marekani, wakautia kwenye mashina. Miche iliyopewa udongo ule ikachangamka na kukua. Ambayo haikupewa ikabaki njano. Hata huku kwetu, misonobari mnayoiona Sao Hill na Kenya haikukubali mpaka kuvu yake ilipoifuata. Mti huo ulikuja na meli, na mwenzake ilibidi aje na meli pia.

Hadi hapo tuko pamoja? (Ukumbi: Tuko pamoja.)

Basi sasa ndipo panaponoga. Mtu ataniambia: mwalimu, tumeelewa, tutachukua udongo wa msitu mzuri, mweusi, wenye rutuba, tutautia kwenye viriba, tutapanda kwenye marudio. Namjibu: ngoja. Umechukua kuvu iliyozaliwa kivulini, kwenye unyevu, ambayo tangu enzi za mababu zake haijaonja aseniki. Unaipeleka kwenye marudio saa saba mchana. Unategemea nini?

Ubelgiji, karibu na mpaka wa Uholanzi, kuna eneo linaitwa Lommel. Viwanda vya kuyeyusha zinki vilifanya kazi huko kwa miaka mingi ya karne ya 20, moshi ukishuka juu ya mchanga mpaka ardhi ikawa jangwa. Lakini misonobari michache ilijiotea pembeni, na chini yake kulikuwa na uyoga wa kahawia wenye ngozi inayoteleza, Suillus luteus. Uyoga huo huo upo pia kwenye misitu safi ya jirani. Mtafiti Jan Colpaert na wenzake wakachukua kuvu kutoka pande zote mbili, wakaziotesha kwenye sahani za maabara, wakatia zinki. Kidogo, ikaongezwa, ikaongezwa. Kuvu za msitu safi zikasimama. Kuvu za Lommel zikaendelea kukua.

Wakaenda mbele zaidi. Wakachukua miche ya msonobari, mingine wakaipa kuvu ya Lommel, mingine kuvu ya msitu safi, yote wakaitia zinki nyingi. Iliyopewa kuvu ya Lommel iliendelea kula na kukua. Iliyopewa kuvu ya msitu safi ikaumia pamoja na kuvu yake. Jina la kuvu ni lile lile! Ukiuliza kitabuni utaambiwa ni Suillus luteus zote mbili. Lakini moja imezoea na nyingine haijazoea.

Na kinachonishangaza mimi ni muda. Viwanda vile havikufikisha hata miaka 150 tangu vijengwe hadi kuvu hizo zichunguzwe. Ndani ya muda huo kuvu zikachujwa, zisizoweza zikafa, zenye uwezo zikazaana. Walipokuja kuzisoma vinasaba, mwaka 2020, hawakukuta kuvu ya aina mpya. Walikuta tofauti ndogo ndogo, nyingi zikihusu pampu na milango ya metali kwenye chembe hai. Uwezo ulikuwemo ndani ya jamii tangu mwanzo, na sumu ikauchagua.

Kwa hiyo neno langu ni hili: kuvu zoefu ziko kwenye kifusi chenyewe. Semeni na mimi. (Ukumbi: Kuvu zoefu ziko kwenye kifusi chenyewe!) Mzunguke ukingoni, mwangalie kilichoota bila kuombwa, na mwanzie hapo.

Mtasema hiyo ni misonobari, mambo ya Wazungu. Haya, niwape mahindi. Ujerumani, karibu na mji wa Aachen, kuna mahali paitwapo Breinigerberg, palichimbwa zinki na risasi tangu kale. Kwenye vifusi vyake kunaota ua dogo la njano ambalo karibu halionekani kwingine, ua la zinki. Watafiti walichimbua mizizi ya ua lile wakatoa kuvu ya ile jamii ya kwanza, inayoingia ndani. Wakaipa mahindi, wakayapanda kwenye udongo uliojaa metali. Mahindi yakakua. Yaliyopewa kuvu ya kawaida ya maabara hayakufua dafu. Walipopima majani na mizizi, wakakuta metali imezuiwa huko huko mizizini, ndani ya chembe zile zinazokaliwa na kuvu, haikupanda juu kwa kiasi kile cha wengine.

Inawezaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hufikiri kuvu inakula sumu. Haili. Risasi ni elementi, haioki, haiozi, haiyeyuki ikawa kitu kingine. Kuvu haina uwezo wa kuifuta. Inachofanya ni kuipangia mahali pa kukaa.

Njia ya kwanza iko nje kabisa. Kuvu nyingi zinatoa asidi ya oksaliki kwenye udongo. Asidi hiyo ikishikana na shaba inafanya fuwele ngumu zisizoyeyuka, na shaba iliyoganda haiingii mzizini. Njia ya pili ni ukuta wa chembe. Ukuta wa kuvu umejengwa kwa kitini, ile ile iliyomo kwenye ganda la kamba wa ziwani, na baadhi ya kuvu zinaongeza melanini, rangi nyeusi. Vitu hivi vinazishika metali kwa nje zisipite. Kuvu nyeusi za mizizini zilidharauliwa muda mrefu, hakuna aliyejua zina kazi gani, mpaka watu walipoanza kuchunguza mizizi ya kwenye migodi ya risasi na zinki kama ile ya Yunnan, China, wakazikuta zimejaa. Mojawapo, Exophiala pisciphila, ilipopewa mahindi kwenye udongo wenye kadmi iliyasaidia kuivumilia. Na melanini inakinga dhidi ya joto na ukame pia, kwa hiyo kuvu nyeusi inakuja na kinga zaidi ya moja.

Njia ya tatu, pampu: metali iliyoingia inasukumwa irudi nje. Hapo ndipo kuvu za Lommel zinapowazidi ndugu zao. Ya nne ni stoo. Kuvu ina kifuko ndani ya chembe yake, na metali iliyoshindikana kutolewa inafungwa na protini maalumu ikawekwa humo, kama mama anavyofungia dawa ya panya kabatini: bado imo nyumbani, lakini haipo mezani. Na wakati mambo hayo yote yanaendelea, kuvu haijaacha kazi yake ya kila siku ya kuleta maji na fosforasi. Mmea uliolishwa unaivumilia sumu kuliko mmea wenye njaa. Wakati mwingine msaada mkubwa wa kuvu ni huo tu, shibe.

Sasa twende jirani, kwa Waswahili wenzetu wa Lubumbashi, Kongo. Katanga kuna vilima ambavyo shaba imefika juu kabisa ya ardhi tangu zamani za zamani, na mimea yake imekwisha kuizoea. Kuna mmea mmoja mfupi wenye maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense. Watu wameuita ua la shaba. Wanaakiolojia walikuwa wakiufuata ule mmea na kukuta chini yake mabaki ya matanuru ambamo mababu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Ardhi imesahau, mmea haujasahau.

Halafu ikaja Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, mwaka 1906, na kiwanda cha kuyeyusha shaba Lubumbashi kikaanza kazi 1911. Upepo ukapeleka moshi upande mmoja miaka nenda miaka rudi. Mtaa wa Penga Penga ukabaki na ardhi tupu, yenye asidi na shaba nyingi, na vumbi linaloingia ndani ya nyumba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipotafuta cha kupanda pale, hawakuagiza nyasi kutoka Ulaya. Walikwea vilima vya shaba vya jirani, wakachukua nyasi zilizozoea, Microchloa altera, wakazihamisha na mashina yake. Wakatia chokaa na mboji, na chokaa na mboji zilifanya sehemu kubwa ya kazi, sitaki mdhani nyasi zilijitegemea. Lakini nyasi zilishika. Na shina la nyasi likihamishwa na udongo wake, unadhani limehama peke yake?

Najua kuna mtu atauliza habari za Bamburi, Mombasa, kila mara huwa yupo. (Kicheko.) Ni kweli, pale René Haller alianza mwaka 1971 kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, akajaribu aina nyingi za miti, na mvinje ukawa mmoja wa michache iliyokubali. Mvinje una bakteria wa kunasa naitrojeni ya hewani mizizini, na kuvu pia. Alipoona majani yake hayaozi akaleta jongoo wayale, udongo ukaanza kupatikana. Kazi nzuri sana, nendeni mkaione. Lakini ndugu zangu, Bamburi ilikuwa na njaa na chumvi, haikuwa na aseniki. Haikuwa na zebaki. Mtu asije akapanda mvinje kwenye marudio yetu kwa kuwa aliuona Mombasa ukistawi.

Niseme na yale ambayo kuvu haiwezi, maana nisiposema nitakuwa nawauzia dawa ya mnadani.

Kuvu haiondoi zebaki. Kuvu haifanyi marudio kuwa shamba la mchicha. Mboga zisipandwe pale, hata kama zinastawi, hata kama zinapendeza, hata kama mwenye shamba ameshazionja. Na uyoga! Mnanisikia mama zangu? Uyoga una tabia ya kuvuta metali na kuzikusanya. Uyoga ulioota karibu na marudio au karibu na mahali pa kuchomea zebaki hauokotwi, hauliwi, hauuzwi. Wa miomboni, mbali na machimbo, huo sawa.

Jambo jingine ni mifuko ya kuvu inayouzwa. Imeshaanza kuingia, ina picha ya mzizi mnene na maandishi ya kuvutia. Watafiti wa nchi mbalimbali walipozijaribu bidhaa za namna hiyo walikuta nyingi hazina kuvu hai ya kutosha, miche haikupata chochote. Na hata ile iliyo hai imeoteshwa mahali pasipo sumu. Yako majaribio ya Ulaya yaliyoonyesha kwamba kuvu iliyotoka kwenye udongo wenye metali, ikikuzwa muda mrefu bila metali, uzoefu wake unaweza kupungua. Sasa hiyo ya kwenye mfuko imekaa ghalani muda gani? Fedha hiyo nunua viriba.

Basi tufanye nini? Wachimbaji nianze na ninyi, na ombi langu halihitaji mtaalamu. Udongo wa juu utengeni. Siku mnayofungua duara, ule mweusi uwekeni pembeni peke yake, na msiurundike kilima kirefu, maana katikati ya lundo refu hewa inakosekana na kuvu zinakufa. Lundo liwe fupi, kiasi cha kimo cha mtu au chini ya hapo. Acheni majani yaote juu yake, au mwagieni mbegu za mtama, kwa sababu kuvu bila mzizi hai haina wa kuilisha. Kadiri udongo unavyokaa ndivyo unavyokufa, kwa hiyo duara likifungwa utandazeni upesi juu ya kifusi. Wenye leseni kubwa wanatakiwa na sheria kuwa na mpango wa kufunga mgodi. Mchimbaji mdogo mpango wake uwe lundo lile.

Pili, visiki. Mmekata mwombo kwa ajili ya matimba, sawa, umekwenda. Kisiki kisichomwe, kisichimbuliwe. Kinachipua, na machipukizi yanaendelea kuilisha kuvu ya chini. Kisiki hai kimoja karibu na kifusi kina thamani kuliko viriba vingi vilivyoletwa na lori.

Tatu, vitalu. Mwaka ujao, mkienda kuchukua udongo wa kuchanganya, msiishie msituni. Nendeni ukingoni mwa kifusi cha zamani, kwenye ule mgunga au zile nyasi zilizojiotea. Chimbeni chini ya mmea, mchukue udongo pamoja na vijizizi vyembamba, vile vyembamba kabisa, maana humo ndimo kuvu inamokaa. Vaeni glavu. Na msichukue magunia! Udongo ule una sumu yake, hatutaki kuihamishia kitaluni. Kopo moja linatosha kuanzia. Changanyeni na mchanga safi kwenye ndoo zenye matundu, pandeni mtama, mlee miezi mitatu au minne. Mtama ukikauka mizizi yake imejaa kuvu. Katakateni mizizi ile, tieni kijiko kimoja chini ya mbegu ndani ya kila kiriba. Njia hii ni ya ile jamii inayoingia ndani ya mzizi, yaani ya migunga na milusina. Miombo haikubali mtama, hiyo inataka udongo wa chini ya mwombo mzazi, tena mwombo ulio karibu na machimbo.

Mnaniuliza mbolea? Punguzeni ya fosfeti. Mmea ukipewa fosforasi nyingi kiribani unaikataa kuvu, hauoni faida ya kuilipa. Utapata mche mnene, mzuri wa kupigia picha, na ukifika kwenye kifusi utakuwa peke yake.

Kumbukeni pia kwamba kuvu hutiwa kitaluni, haiongezwi mche ukishakwama kifusini. Donald Marx, mtafiti wa misitu wa Marekani, alilionyesha hilo miaka ya 1970 kwenye vifusi vya makaa ya mawe. Alichukua Pisolithus, kuvu inayopenda joto na asidi, ambayo uyoga wake ukiuvunja unatoa vumbi la kahawia, mikononi halitoki. Akaitia kwenye misonobari ikiwa bado kitaluni. Ilipohamishiwa kwenye kifusi ilikuwa tayari na mwenzake, na ikaishi kuliko ile iliyokwenda bila hiyo kuvu. Pisolithus ipo hata huku kwetu, tazameni chini ya mikaratusi kwenye ardhi iliyokauka.

Sasa naona mwenye ratiba amesimama, akisimama maana yake ni hivyo.

Nimeweka hadubini mbili pale nje kwenye meza. Kuna mizizi iliyochemshwa kwenye potashi ikawa angavu, kisha ikapakwa wino wa kalamu uliochanganywa na siki, wino ule ule wa dukani, ili walimu wa sekondari mliopo muone mnaweza kuifanya kazi hii shuleni kwenu. Sahani ya kwanza ni mzizi wa mgunga wa ukingoni mwa kifusi. Mtaona vitu vidogo vya buluu vilivyogawanyika matawi matawi ndani ya chembe, hapo ndipo sukari na fosforasi vinapobadilishana. Sahani ya pili ni mche uliopandwa katikati ya marudio kwa udongo wa mchanga na samadi tu. Humo mtaitafuta sana hiyo buluu. Njooni wawili wawili, wazee kwanza. Mwenye swali la zebaki anifuate pembeni, kwa sababu jibu lake ni refu. Na kabla hamjaenda kwenye chakula kila mtu aoshe mikono kwa sabuni, maana mizizi ile imetoka kwenye marudio.

Asanteni.